Jogoo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Mgongo unauma. Leo nimebeba vitunguu sokoni Muthurwa mpaka nanuka kama mchuzi usio na nyama. Nimefika nyumbani Mbotela, nimeoga kwenye beseni, nimekaa kitandani nianze ugali wangu, simu ikalia. Mke wangu Khalayi, kutoka nyumbani Kimilili.

Mama yake anakuja. Jumamosi hii! Anataka kuona ninapoishi. Akiridhika, Khalayi na binti yetu Ayuma watahamia Nairobi shule zikifunguliwa, tukae pamoja kama watu. Asiporidhika, Khalayi atabaki kulima shamba la mama yake, nami nitaendelea kula ugali nikitazamana na ukuta.

Nikasema aje tu, hakuna shida. Nikaweka simu chini nikashika kichwa.

Shida ipo. Watu wa kwetu nimewaambia mimi ni msimamizi wa wabeba mizigo. Nimewaambia mtaa wetu una kimya, una maua, una lango na mlinzi wake. Ukweli ni kwamba anayesimamiwa ndiye mimi. Maua yaliyopo ni ya leso zilizoanikwa. Langoni kumebaki nguzo mbili na Syombua, anayeuza chapati katikati yake. Kimya ndicho hakipo kabisa. Jirani yangu wa ukutani, Omolo, anatengeneza masanduku ya bati mbele ya mlango wake. Nyundo yake inaamka kabla ya kuku.

Shida ya pili ni mila. Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Hasalimiwi kwa mkono. Huzungumzi naye ila kupitia kwa mtu. Halali chini ya paa lako hata mvua inyeshe mawe, na mkigusana wazee wanaitwa na kondoo anachinjwa. Mimi nina chumba kimoja. Mama huyu uso wake siujui. Siku ya harusi alijifunika leso, na kwenye picha amesimama nyuma ya mwavuli. Jina lake siliandiki hata hapa.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Mwalimu wangu wa darasa la saba alisema nina akili, na nikizitumia nitafika mbali. Nimefika Muthurwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata mahali pa kumlaza mgeni. Khadro, ambaye mlango wake unatazamana na wangu, ana vyumba viwili. Binti yake Ifrah ameolewa, chumba kimoja kiko wazi. Khadro anauza vitambaa vya pazia Gikomba na hapendi upuuzi, kwa hiyo nilitayarisha uongo mzuri tangu asubuhi, nikiwa na kabichi mgongoni. Kwamba mama mkwe anaugua moyo. Kwamba daktari amemkataza kelele, na amemkataza kulala chumba kinachotazama magharibi. Changu kinatazama magharibi. Cha Khadro kinatazama mashariki.

Sikufika hata katikati. Nilisema tu mama mkwe anakuja, Khadro akasema, "Baba Ayuma, mgeni ni baraka. Mlete." Akarudi kwa chai yake.

Nikabaki nimesimama na uongo wangu wote mdomoni. Nikaona ni hasara kuutupa. Nikamwambia hata hivyo.

Akaweka kikombe chini. Akauliza moyo unamsumbua vipi. Nikasema unarukaruka. Jua halijatua, safu yetu nzima ya nyumba ilikuwa na habari. Syombua ameniletea unga wa mizizi kutoka kwao Ukambani, wa kuchanganya na uji. Mama mmoja wa nyuma ameahidi kufunga redio. Wote wamekubaliana: Jumamosi mgonjwa akifika, hakuna mtu kupaza sauti.

Sikuwa nimepanga hivyo, lakini tazama! Uongo mmoja, mtaa mzima umenyamaza. Nimekula chapati ya Syombua kujipongeza.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya kugombana na Omolo.

Mtu huyu ananichosha. Mwaka jana mama mkwe wake alikuja, akamlaza kwa binamu yake Makongeni, akamwandalia samaki, wakacheza ngoma. Mpaka leo ukimwomba chumvi anakusimulia. Nilijua atakataa kunyamazisha nyundo. Nikamtayarishia vitisho: kanjo, askari wa jiji, wanakuja Jumamosi, wanakamata wenye nyundo, wanabeba bati zote.

Akaweka nyundo chini kabla sijataja kanjo. Akanishika bega. "Mulembe," akasema, ndivyo anavyoniita kwa kuwa mimi ni Mluhya, "mkwe ni mkwe. Jumamosi nyundo hainuki."

Kisha akanifundisha jinsi ya kumkwepa mama mkwe. Mimi! Kana kwamba mila hiyo ilianzia kwao Kisumu na sisi tuliazima. Akasema nisisimame upande upepo unapotoka. Akasema yeye atasimama langoni kama mlinzi, ana koti la kung'aa alilopewa kwenye kazi ya barabara.

Mlinzi ndiye niliyekuwa namtafuta. Lakini nilitaka nimpate kwa ujanja wangu, si kwa huruma ya Omolo. Siku imeharibika.

Jumapili ijayo nitagombana naye kwa jambo lingine.

Alhamisi, 7 Agosti

Maua. Nimepanda maua kwenye mikebe ya rangi, nikaipanga kutoka langoni mpaka mlango wa Khadro. Kuku wa Syombua wamekula yote kabla sijanawa mikono. Syombua akasema niseme asante, kwa kuwa mengine yalikuwa magugu.

Nikaandika kibao. Ubao mweupe, rangi nyekundu: HAPA NI MAHALI PA AMANI. KARIBU. Nikakitundika langoni. Nilikuwa bado nakitazama nikijisifu, wakaja wanawake wawili wenye Biblia wakauliza ibada ni saa ngapi na mchungaji ni nani. Nikasema hakuna mchungaji. Omolo akaniita kwa sauti: "Mchungaji, kuna wageni." Khadro alicheka mpaka akajishikilia mlangoni. Yule mama wa nyuma sasa ananiita Baba Askofu.

Kibao kimebaki. Kinapendeza.

Nimeshona pia suruali. Yaani Khadro amenishonea. Ile ya kazi ilipasuka nyuma, mahali pabaya, na yeye akaitia kiraka cha kitambaa cha pazia: samawati yenye ndege wa manjano. Alisema ni kipande cha pekee kilichobaki, pazia lenyewe liko kwenye chumba cha Ifrah. Nimependeza kuliko wasimamizi wa kweli.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku njema sana! Nimepata jogoo.

Asubuhi basi la kutoka magharibi lilishusha watu, nikamwahi mama mmoja mwenye gunia la mahindi, mkungu wa ndizi na majogoo wawili weupe waliofungwa miguu. Wa mama mmoja, wa yai moja ungedhani. Alikuwa anakwenda Shauri Moyo, kwa mwanamke wa kwaya. Tukavutana juu ya nauli, mimi nimeshainama kulishika gunia. Ana mdomo mama huyo. Aliniuliza kama nabeba gunia au nalinunua. Nikamwambia mahindi yake yamejaa mawe. Akasema mawe yako kichwani mwangu. Tukapatana. Akasaidia kunipandishia gunia, akanisukuma mgongoni kwa kiganja kama anayefunga mlango wa zizi, tukaondoka.

Mtu mwenye gunia hamwoni mwenzake. Anaona miguu. Nimewajua watu wa Nairobi kwa viatu miaka yote hii. Mama huyu alivaa raba za samawati, ya kushoto imeshonwa kwa uzi mwekundu. Mara zilikuwa kando yangu, mara nyuma zikilinda mzigo.

Akauliza ninakaa wapi. Nikasema Mbotela. Raba zikapunguza mwendo. Akauliza Mbotela ni mahali pa mtu kukaa na mke na mtoto.

Sasa mimi nikiwa na gunia mgongoni ninasema kweli tu. Nguvu za kudanganya zinakuwa zimeshikwa na mzigo. Nikamwambia pana kelele. Kuna jirani mwenye nyundo, lakini siku ambayo haigongi mimi nachelewa kazini. Maji yanakuja yanapotaka, na atakayekuwa nyumbani siku hiyo anajaza mitungi ya safu nzima. Nilipougua malaria, Syombua alinilisha uji kwa kijiko na kunitukana kila kijiko, eti nakufa kizembe. Idi tunakula pilau kwa Khadro mpaka tunashindwa kuinuka. Krismasi anakuja kwangu kula kuku, na kuku huyo anachinjwa na Mwislamu mwenzake ili Khadro naye ale. Jumamosi wanawake wanagombania kamba ya nguo mpaka unadhani mtu atauawa, na Jumapili wamebebeana watoto. Nikasema ukifia pale, hujui utakavyosafirishwa, lakini utafika kwenu.

Akauliza, je, mke wangu anapajua? Hapo nilikuwa nimepata moto. Nikamwambia yote. Mama mkwe anayekuja kesho. Ugonjwa wa moyo. Magharibi na mashariki. Kimya. Kibao. Mlinzi wa uongo. Nilicheka mpaka mahindi yakacheza guniani. Yeye hakucheka. Akauliza mama mkwe wangu ni mtu wa namna gani. Nikasema sijui, ila nasikia ni mkali, anaona kilichomo ndani ya sufuria bila kufunua.

Akanyamaza mpaka Shauri Moyo. Nadhani alichoka. Nilipotua gunia, nikainuka, alikuwa amejifunika leso uso mzima na kunipa mgongo. Vumbi, nadhani. Akasema badala ya nauli nichukue jogoo mmoja. "Huyu nilimletea mkwe wangu," akasema. "Mchukue wewe. Mnafanana kelele."

Nikamwambia mkwe wake amekula hasara leo. Akasema ni kweli.

Jogoo yuko chini ya kitanda. Nitamchinja Khalayi akija.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika polepole.

Kila kitu kilikuwa tayari. Nimejificha nyuma ya shuka za Khadro kwenye kamba ya nguo, ndivyo mila inavyotaka. Omolo langoni na koti lake la kung'aa. Syombua anageuza chapati taratibu kama anayemgeuza mtoto mchanga. Safu nzima kimya. Nilisikia maji yakidondoka bombani. Kwa mara ya kwanza nilisikia bomba letu!

Akaingia na mwanamke wa kwaya. Mimi macho chini, kwa heshima. Shuka haikufika ardhini. Nikaona miguu.

Raba za samawati. Ya kushoto, uzi mwekundu.

Nilishika kamba ya nguo nisianguke. Amenisukuma mgongoni! Nimemwambia ana mawe kwenye mahindi! Nimemwambia kila kitu! Huyu si kondoo mmoja, huyu ni kundi zima la kondoo.

Raba zikasimama katikati ya uwanja. Zikageuka huku, zikageuka kule. Akauliza kwa sauti, hapa nani amefariki?

Hakuna aliyejibu. Walikuwa wameagizwa wasiseme.

Basi akaangusha mkungu wa ndizi, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia. Kilio cha kwetu, kile cha kukimbia huku na huku. Mayoo! Omolo alivua kofia akaanza kulia naye bila kujua analia nini. Syombua akaacha chapati ikaungua. Yule mama wa nyuma akatoka akipiga kelele kwamba moyo wa mgonjwa umepasuka. Watoto wakalia, mbwa akalia, redio ikafunguliwa kwa bahati mbaya kwenye nyimbo za dini. Khadro akawa anapaza sauti kuliko wote akiwaambia wanyamaze.

Mama akakoma ghafla kama bomba letu saa ya mchana. Akaokota ndizi zake. Akasema sasa anaona amefika kwa watu, kwanza alidhani ameingia makaburini. Akauliza chai iko wapi.

Hapo jogoo wake wa pili akawika. Na wa chini ya kitanda changu akamjibu.

Nilikimbia nikamfunika beseni.

Baadaye walikaa kwa Khadro, mimi nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, ndivyo inavyoruhusiwa. Mama alizungumza nami kupitia kwa Khadro, ingawa ningeweza kumsikia hata nikiwa Makongeni. Alisema, "Mwambie mkwe wangu kwamba jana mbeba mizigo mmoja aliondoka na jogoo wake. Yeye si ni msimamizi wao? Basi amtafute."

Khadro akanirudishia maneno hayo dirishani. Nikasema nitamtafuta.

Omolo akauliza mtu huyo anafananaje. Mama akasema uso hakuuona, aliinama njia nzima. Lakini suruali yake ina kiraka nyuma. Kisha nikasikia pazia likivutwa. "Ala," akasema, "kiraka chenyewe ni kama pazia hili. Na ndege hawa hawa."

Niliinuka polepole na kuubandika mgongo wangu ukutani, nyuma kote.

Mungu yupo. Omolo akakohoa, akasema kitambaa hicho kimejaa Gikomba, nusu ya wanaume wa Nairobi wamekikalia. Khadro akasema kweli, yeye mwenyewe ameuza majora kwa majora. Syombua akasema hata marehemu mjomba wake alizikwa nacho.

Hawajagundua! Nimebadilisha suruali. Lakini nimeudhika kidogo na Khadro. Aliniambia ni kipande cha pekee. Wafanyabiashara hawaaminiki.

Jumapili, 10 Agosti

Jogoo hanipi nafasi. Wa kwa Khadro akiwika, huyu anajibu. Nimemfunika beseni, anawika ndani ya beseni, sauti inakuwa kama ya mchungaji kwenye kipaza sauti. Nimemlisha ugali ashibe alale. Alishiba, akawika kwa nguvu zaidi.

Omolo akabisha hodi. Akanipa konzi ya mahindi. Nikauliza ya nini. Akasema ni ya panya walio chini ya kitanda changu. Akasema panya wa siku hizi wana sauti nzuri na wanapenda mahindi.

Nikayachukua. Kumbe Omolo hajui panya wanaliaje. Na mtu huyu anapiga hesabu za masanduku!

Nilitembea siku nzima nikizunguka. Mama mkwe ameketi mlangoni kwa Khadro, mbele ya mlango wangu. Siwezi kutoka nikamwona uso. Nimetoka kwa kurudi nyumanyuma, macho mlangoni kwangu, kama ninayeaga mfalme. Nimegonga mtungi, nimegonga mbuzi, nimegonga kibao changu cha amani. Kwa nyuma nilimsikia mama akimwambia Khadro kwamba mkwe wake ana heshima sana, akitembea hivyo anaonekana vizuri zaidi.

Maneno mazuri. Nimetiwa moyo.

Khalayi alipiga simu kuuliza mama anasemaje. Nikasema mambo ni shwari. Akasema mama amemwambia hajaamua, anamngoja mbeba mizigo. Sauti ya Khalayi ilikuwa ndogo. Akasema Ayuma ameshakunja sare yake ya shule na kuiweka kwenye begi, na kila asubuhi anaikunjua na kuikunja tena.

Sikuweza kumaliza ugali.

Jumatatu, 11 Agosti

Omolo aliacha kazi yake kunisaidia kumtafuta mwizi wa jogoo. Nilikataa. Akaja hata hivyo.

Muthurwa nzima alizunguka akiuliza ni nani ana suruali yenye kiraka cha ndege wa manjano. Wenzangu wote wakaninyooshea kidole. Wote! Hata muuza tangawizi. Omolo akawaambia wanakosea, huyu ni msimamizi, msimamizi hawezi kuiba jogoo. Waliposikia kwamba mimi ni msimamizi walicheka mpaka mmoja akaangusha kabichi zake, zikabingirika hadi barabarani, na tukazifukuza pamoja. Tangu asubuhi nimepigiwa saluti. Mmoja aliniomba likizo.

Njiani kurudi, Omolo akasema nikimpata mtu huyo, nimwambie hakuna haja ya kuchinja kondoo, kwa kuwa hakuna aliyeona. Gunia lilikuwa katikati. Gunia ni ukuta. Mzee wa kwao aliwahi kuamua hivyo, akasema. Nilimuuliza ananiambia mimi kwa nini. Akasema basi tu.

Nilitaka kugombana naye Jumapili nikasahau. Nitapanga siku.

Jioni nikakaa chini ya dirisha. Nikatuma jibu kupitia kwa Khadro kwamba mbeba mizigo hajapatikana, huenda amehama mji.

Moyo wangu ndio sasa ulirukaruka, wala si wa kusingiziwa. Nilifikiria begi la Ayuma.

Kisha mama akasema polepole, na Khadro akasahau kurudia maneno. Alisema mwambie mkwe wangu hivi. Nilikuja kuona mtaa wenye maua na mlinzi. Sikuuona. Lakini yule mbeba mizigo alinieleza mtaa mwingine. Alikuwa ameinama chini ya gunia langu, jasho linamtoka, na bado akiwataja majirani zake alikuwa anacheka. Nikasema, mahali ambapo mtu amechoka hivyo na bado anacheka, binti yangu hatakufa kwa upweke. Khalayi aje. Mtoto aje.

Akaongeza kwamba habari ya jogoo iachwe. Jogoo alifika kwa aliyeletewa.

Sijaelewa hayo ya mwisho. Ni uzee, nadhani. Lakini Khalayi anakuja! Nimelia kidogo nyuma ya shuka. Syombua alipiga vigelegele, Omolo akachukua nyundo akaigonga bati moja mpaka ikatoboka, na hakuna aliyemkataza. Majogoo wakawika wote wawili. Nilisahau kufunika beseni.

Mipango yangu yote imefanikiwa.

Jumapili, 24 Agosti

Wamefika jana. Ayuma amerefuka, amepita bega langu nikiwa na gunia. Khalayi aliingia, akatazama chumba, akageuza kitanda upande mwingine, na sasa chumba kimekuwa kikubwa. Sijui amefanyaje. Tulimchinja jogoo. Aliyemchinja ni mtu wa kwao Khadro, na safu nzima ilionja. Omolo alikula paja, akasema huyu panya alikuwa mnono. Bado hajajua tofauti. Nilimwonea huruma, nikamwongezea mchuzi.

Kuna jambo moja tu. Mama mkwe hajaondoka.

Nilipanga aende Alhamisi iliyopita. Khadro alikataa kabisa. Mgonjwa wa moyo, asafiri na basi lile mpaka Kimilili? Akaniuliza ninataka kumuua. Safu nzima ikamuunga mkono. Sikuweza kusema hana ugonjwa. Mama mwenyewe ameguna tu na kusema moyo wake kweli haujatulia, na daktari aliyemtaja mkwe ni mtu wa kusikilizwa. Sasa anakaa langoni na Syombua, wanauza chapati na ndizi pamoja, na anajua habari za kila mtu mpaka Makongeni.

Langoni ndiko ninakopita. Nimepata dawa: kila asubuhi natoka na gunia mgongoni, hata likiwa na magazeti tu ndani. Nimeinama, sioni ila miguu. Mila haijavunjwa. Anasema, "Mtu wa gunia, umeamkaje?" Nasema salama, mama. Mbeba mizigo anaruhusiwa kusalimia. Juzi alinipa chapati ya moto nikiwa nimeinama, akaniambia nimpe mkwe wake akimwona. Nikaahidi.

Lakini siwezi kubeba gunia la magazeti mpaka uzeeni. Kwa hiyo leo nimetunga mpango. Nimempigia shemeji yangu Kimilili ampigie mama na kusema ng'ombe wake anaugua sana. Ugonjwa wa moyo. Mama atafunga safari kesho hiyo hiyo. Shemeji aliuliza kama ng'ombe huugua moyo. Nikamwambia asiwe na elimu nyingi.

Simu imepigwa mchana. Jioni nikapita langoni na gunia langu kuona mambo yanaendaje. Raba za samawati zikasogea kunipisha.

"Mtu wa gunia," akasema, "nimesikia ng'ombe wangu ameugua moyo. Kumbuka uliniambia siku ile. Zizi ligeuzwe litazame mashariki, au magharibi?"

Nikasema mashariki, mama.

Akashukuru. Hajagundua kitu.